Mei Mosi ya Baba na Albamu ya Pili ya Watchtower

Machi 2022 Baba alikuja kukaa kwangu Dar wiki tatu kwa ajili ya matibabu ya macho. Alitoka Morogoro na begi moja, redio yake ndogo na kiroba cha mchele, kana kwamba huku mjini hatuli. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Basi tukawa watu wawili wa kupishana mlangoni, yeye anakwenda kwa daktari wa macho, mimi kliniki, na jioni tunakaa sebuleni kusikiliza habari za vita.

Hakukosa taarifa hata moja. Mji wa Kyiv ukitajwa, anainua kidole ili ninyamaze. Sisi nyumbani tulikua tukijua kwamba Baba alisoma Urusi. Tulisema Urusi kwa sababu mwenyewe alisema Urusi. Vita ilipoanza ndipo nikamsikia akimsahihisha jirani: "Sikusoma Urusi bwana. Nilisoma Kiev, Ukraine." Yeye bado anautamka mji ule kama ulivyotamkwa enzi zake, na humu nitauandika hivyo hivyo nikisimulia ya enzi hizo.

Jioni moja nilikuwa jikoni nakaanga samaki, muziki unapiga kwenye kispika kidogo, simu nimeiacha sebuleni. Baba akaja mlangoni ameishika. Nikajua anataka nipunguze kelele, maana siku zote muziki wangu ameuita "ugomvi wa masufuria". Safari hii hakulalamika. Aliisogeza simu karibu na macho yake mabovu, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Mama, hii *Mayday in Kiev* ndiyo nini?"

Kabla sijasimulia nilichomjibu, na alichonijibu yeye, inabidi nieleze huo muziki wenyewe. Wengi wenu hapa ni watu wa riwaya na mashairi, na najua neno metali linawakimbiza. Vumilieni kidogo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na nitawapitisha njia ninayoijua.

Niliipata albamu hii mwaka 2012 nikiwa mwaka wa pili chuoni. Kijana mmoja wa uhandisi alinijazia flashi nyimbo nilizomwomba, akaongeza folda ambazo sikuomba. Moja iliandikwa *Control and Resistance*. Nyimbo nane. Niliifungua nikiwa natafuta kitu kingine, na dakika ya kwanza nikadhani faili limeharibika. Gitaa linaanza sentensi, linaikata katikati, linaanza nyingine. Ngoma hazikai. Besi, ambayo kwenye nyimbo nyingi hukaa nyuma kama mlinzi wa geti, huku inatembea mbele na ina maneno yake yenyewe. Juu ya vyote kuna sauti ya mwanamume anayeimba juu sana, karibu na ukingo wa kupiga yowe. Niliifunga. Kesho yake nikaifungua tena, na kesho kutwa.

Watchtower ni bendi ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 1982. Muziki wao huitwa thrashi progresivu. Kasi na hasira ni za thrashi, lakini muundo ni wa watu waliokaa chini wakapiga hesabu. Albamu yao ya kwanza, *Energetic Disassembly*, waliitoa mwaka 1985, Jason McMaster akiwa mwimbaji na Billy White akipiga gitaa. Hadi kufikia albamu ya pili wote wawili walikuwa wameondoka. Walibaki Doug Keyser wa besi na Rick Colaluca wa ngoma, wakaja Ron Jarzombek wa gitaa na Alan Tecchio wa kuimba, aliyekuwa akijulikana kwa bendi ya Hades ya New Jersey. Wakaenda kuirekodi Berlin Magharibi kwa lebo ya Noise, katika mwaka 1989. Ni mwaka uleule ambao, tarehe 9 Novemba, Ukuta uliwekwa wazi.

Sasa, nikifundisha ushairi kidato cha tatu, huwa nawaambia wanafunzi wahesabu mizani kwa vidole. Mshororo wa kawaida una mizani kumi na sita, nane ukwapini na nane kwenye utao. Sikio la Mswahili limezoea hivyo. Ukimsomea mtu mshororo wenye mizani kumi na tano, hata kama hajui neno mizani, atakunja uso. Shairi la namna hiyo tunaliita guni, na mtihani unamkata alama aliyeliandika.

Mara ya kwanza, *Control and Resistance* inasikika kama guni tupu. Unahesabu pigo la saba ukingoja la nane, la nane haliji, wameshaanza upya. Unajipanga kwa saba, wanakupa tano. Ilinichukua miezi kugundua kwamba kila kilichonikwaza kilikuwa kimekusudiwa. Pale wanapoonekana wamepotea, watatu wote wanatua mahali pamoja, pigo moja, kama watu waliopita vichochoro tofauti wakakutana mlango mmoja. Guni ni mtu aliyeshindwa kuhesabu. Hawa wanahesabu kuliko wewe, na wanakunyima raha ya kutulia.

Sisemi haina kasoro. Sauti ya Tecchio inachosha ukiisikiliza mfululizo, maana amepanda tangu wimbo wa kwanza na hashuki mara nyingi. Maneno yamesongamana mno, mengine utadhani yametolewa kwenye ripoti. Na kuna ubaridi fulani. *The Fall of Reason*, ambao ndio mrefu kuliko zote, naustahi zaidi kuliko ninavyoupenda. Miaka mingi niliona ubaridi huo ndio upungufu mkubwa wa albamu. Niliwaza kwamba watu hawa wana akili kweli, ila hawajaumia.

Nikabadilisha mawazo nilipopata maana ya jina la albamu ya kwanza. *Energetic Disassembly*, kwa Kiswahili cha moja kwa moja, ni kitu kama "kutengana kwa vipande kwa nguvu". Nilidhani ni maneno ya kujikweza tu ya vijana. Kumbe ni msamiati wa sekta ya nyuklia ya Marekani, uliopata sifa mbaya baada ya ajali ya Three Mile Island, Pennsylvania, ya Machi 1979. Wakubwa wa sekta ile hawakupenda kutamka "mlipuko", wakasema kutengana kwa nguvu. Hawakupenda kutamka "moto", wakasema uoksidishaji wa haraka.

Hiyo, wanafunzi wangu wangekwambia bila kufungua kitabu, ni tafsida.

Tafsida tunaifundisha kama pambo la adabu. Badala ya kusema amekufa, tunasema ametutoka. Badala ya choo, msalani. Ni lugha ya kumfunika mwenzako asione aibu, na mimi naipenda, maana bila hiyo hatuwezi kukaa pamoja. Lakini kuna tafsida ya aina nyingine, ambayo mwenye kufunikwa si msikilizaji bali ni msemaji. Hiyo haimo kwenye muhtasari wa somo. Vijana wa Texas waliichukua moja, wakaibandika kwenye jalada la albamu, na mwaka mmoja baadaye dunia ikaona mfano wake mkubwa kuliko wote.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika ishirini na tatu, kinu nambari 4 cha Chernobyl kililipuka. Ni karibu kilomita 100 kaskazini ya Kiev. Mji wa Pripyat, ulio jirani kabisa na kituo, ulihamishwa mchana wa tarehe 27, karibu watu 49,000 wakapakiwa kwenye mabasi. Nchi nyingine zilikuwa hazijaambiwa neno. Asubuhi ya tarehe 28 wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, wakakuta mionzi kwenye viatu, wakadhani ni kituo chao kinachovuja. Usiku wa siku hiyo televisheni ya Sovieti ikasoma tangazo la sentensi chache, kwamba ajali imetokea na hatua zinachukuliwa. Tarehe 30 upepo ukageukia Kiev. Tarehe 1 Mei, kwenye barabara kuu ya Khreshchatyk, gwaride la wafanyakazi likafanyika kama kila mwaka, watoto wa shule wakiwa ndani. Shcherbytsky, kiongozi wa Chama wa Ukraine, alikuwepo, na mjukuu wake pia.

Hiyo ndiyo *Mayday in Kiev*, wimbo wa tatu. Jina lina meno mawili. Mayday ni Mei Mosi, na mayday ni neno ambalo rubani au nahodha hulitamka mara tatu redioni chombo kinapokaribia kuangamia. Wamarekani wale waliona kwamba mwaka ule, katika mji ule, sikukuu na kilio cha kuomba msaada viliangukia siku moja, na ni sikukuu pekee iliyotangazwa.

Haya ndiyo niliyomweleza Baba pale jikoni, kwa kifupi, huku nageuza samaki.

Hakusema kitu. Akavuta kiti cha plastiki akakaa mlangoni. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine. Ndipo akauliza, "Hawa vijana wa wapi?"

"Texas, Baba."

"Waliimba mwaka gani?"

"Themanini na tisa."

Akatikisa kichwa. "Wako Texas wanajua. Mimi nilikuwa palepale Khreshchatyk nimeshika bendera."

Nikazima jiko.

Alikuwa mwaka wa tatu wa masomo, alikuwa ameondoka nyumbani 1983. Siku ile, alisema, jua lilikuwa zuri sana, la kuvua koti baada ya baridi ndefu. Wanafunzi wa kigeni walipangwa kwa nchi zao. Katika bweni lao kulikuwa na Mtanzania mwenzake, kijana wa Mwanza, mwenye redio ya mawimbi mafupi. Siku mbili tatu kabla, kijana yule alikuwa amesikia idhaa za nje zikisema kuna kinu kimelipuka, watu wafunge madirisha. Akaja kumwambia Baba, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Akasema yeye gwaride haendi.

"Nikamcheka," Baba akasema. "Nikamwambia, wewe umekuja kusomeshwa bure na watu hawa, unaamini redio za mabeberu? Unaogopa upepo? Akaona haya. Akaja."

Nikamuuliza, je, alikufa?

"Nani? Hapana! Yupo Mwanza, ana wajukuu saba. Tunapigiana Krismasi. Lakini neno hilo hatujaligusa, miaka yote hii."

Baada ya siku kadhaa wakaona magari yanaosha barabara kwa maji asubuhi na jioni. Wakaambiwa wafute vumbi, wafunge madirisha. Katikati ya Mei watoto wa mji wakaanza kupelekwa mbali na kina mama zao. Gorbachev alizungumza kwenye televisheni tarehe 14, siku kumi na nane baada ya mlipuko. Baba anasema alipokuwa akimsikiliza alikuwa anahesabu vidoleni, kutoka ishirini na sita hadi moja, kutoka moja hadi kumi na nne. Nambari aliyoitaka, ya kiasi cha mionzi kilichompata yeye aliyesimama saa kadhaa pale barabarani, hakuna aliyempa. "Mtu akikwambia umepata kumi, unajua ni kumi. Mimi sikupewa hata uongo wa kuushika."

Hapo nikaanza kuelewa mambo mengine. Tangu alipofika alikuwa ananiuliza kila nikitoka kliniki: wamepima nini? Wamesema mtoto ana vidole vyote? Umeona mwenyewe kwenye picha? Nilidhani ni mapenzi ya babu mtarajiwa. Nilimuuliza moja kwa moja kama alikuwa akiogopa kwa ajili yangu.

Akasema, "Kwanza niliogopa kwa ajili ya mama yako."

Walioana 1989, mwaka mmoja baada ya yeye kurudi. Mwaka 1990 mimba ya kwanza ya Mama ikaharibika, karibu na mwezi wa tano. Hilo nililijua, kwa namna watoto wanavyojua mambo, vipande vipande kutoka kwa shangazi. Nililijua pia kwa maneno waliyoyatumia wao: "mama yenu aliharibu mimba". Sikieni kitenzi hicho. Aliharibu, yeye. Nilikuwa nimekisikia utotoni mara nyingi bila kukisikia. Na Baba aliyekisikia kikisemwa sebuleni kwa mama yake, akiwa na Khreshchatyk kifuani, alinyamaza. Hakumwambia Mama hata siku moja kwamba kuna siku alisimama kwenye upepo ule.

Nilikasirika. Samaki wakapoa mezani, hakuna aliyekula. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii baba yake, na moja ninalolikumbuka ni kwamba alimfanyia Mama kile alichofanyiwa na wale wa jukwaani. Hakujitetea. Alisema, "Nilikuwa namkinga asiogope." Kumkinga. Tafsida hiyo.

Usiku ule sikulala. Nilisoma hadi alfajiri, na kati ya niliyoyasoma kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la *Science*. Wanasayansi walipima vinasaba vya watoto 130 waliozaliwa baada ya ajali, ambao mzazi mmoja au wote wawili walipata mionzi, wakiwemo waliofanya kazi ya kusafisha kituo chenyewe na waliohamishwa maeneo ya karibu. Hawakukuta ongezeko la mabadiliko mapya ya vinasaba kwa watoto hao. Baba alikuwa mtembeaji wa gwaride tu, kilomita 100 kutoka pale. Na mimba huharibika kila siku, duniani kote, kwa wanawake ambao waume zao hawajawahi kuvuka hata Chalinze.

Asubuhi nilimsomea, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Akaniomba nirudie ile ya watoto 130. Kisha akauliza, "Mwaka huu uliopita tu? Na kabla ya hapo?" Nikamwambia tafiti zilikuwepo. Angeuliza, pengine miaka ishirini iliyopita angepata mtu wa kumtuliza. Akasema, "Ningemuuliza nani, wakati sijamwambia mtu?"

Nimerudi kwenye *Control and Resistance* mara nyingi tangu siku hiyo, na ule ubaridi niliouona kama upungufu sasa nausikia tofauti. Watu wanne wanahesabu kwa nguvu zao zote, kwa usahihi wa kutisha, kwenye mada ambayo wenye nambari walizificha. Wimbo wa machozi kuhusu Chernobyl ungenipa nafasi ya kulia nikamaliza. Huu haunipi pa kulia. Kila nikidhani nimejua pigo linalofuata, linanyimwa. Huko ndiko Baba alikoishi miaka thelathini na sita, kwenye pigo la saba akingoja la nane.

Bendi yenyewe nayo ilinyamaza. Albamu ya tatu ilipangwa na hata ikawa na jina, *Mathematics*. Jarzombek akapata matatizo ya mkono yaliyohitaji upasuaji, wenzake wakatawanyika. Ukiacha wimbo mmoja mmoja, kazi iliyofuata ilikuwa ya nyimbo tano tu, *Concepts of Math: Book One*, ya mwaka 2016. Miaka ishirini na saba. Wanaoipenda metali ya kiufundi huitaja albamu hii ya 1989 kama moja ya mizizi yake, na wapigaji wengi waliokuja baadaye wamejifunza humo. Ukitaka kuisikiliza, nakushauri usianze na wimbo wa kwanza. Anza na wa tatu, uusikilize mara mbili, na mara ya pili fuata besi ya Keyser peke yake, sahau vingine. Besi ndiyo itakayokushika mkono.

Baba alirudi Morogoro mwanzoni mwa Aprili. Hakuniahidi kitu. Baada ya Pasaka Mama akanipigia, tukaongea bei ya nyanya, tukaongea miguu yangu inayovimba. Mwishoni akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako ameniambia habari za Kiev." Nikangoja. "Miaka thelathini na mbili, mwanangu, nilijua ni mimi."

Sikupata la kusema. Tulikaa hivyo hivyo kwenye simu, yeye anapumua, mimi napumua, mpaka salio likakatika.

Mwanangu alizaliwa Juni. Babu yake alihesabu vidole mwenyewe, mikono na miguu, akarudia.

Mei Mosi ya mwaka uliofuata alinipigia asubuhi. Nikamsikia Mama nyuma yake akigombana na kuku. Akasema, "Ule wimbo wa masufuria, nitumie. Nataka mama yako ausikie." Nikautuma. Jioni ukaja ujumbe kutoka simu ya Mama: "Tumeusikiliza wote hadi mwisho. Kelele tupu. Baba yako analia."